Kuuza Kombi ya Kambi Iliyofufuliwa Nairobi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya hurudi kila mara mtu anapoamua kuachana na Kombi ya kambi, yaani iliyowekewa kitanda na jiko ili watu walale safarini, aliyoifufua kwa jasho lake. Majibu yanahusu zaidi Kombi za Volkswagen, kwa kuwa ndizo nyingi hapa kwetu, lakini mwenye Bedford ya Dormobile au Land Rover iliyogeuzwa chumba cha kulala atapata mengi ya kumfaa.

## Kulijua gari lako kwanza

Kombi yangu ni ya kizazi gani?

Tazama kioo cha mbele. Kikiwa kimegawanyika vipande viwili, hiyo ni T1, iliyoundwa Ujerumani kuanzia 1950 hadi 1967. Kioo kimoja kilichopinda ni cha T2, ya 1967 hadi 1979. Yenye umbo la sanduku na pembe kali ni T3, iliyoanza 1979. T2 nazo zimegawanyika: indiketa za mbele zikiwa chini ya taa kubwa, ni ya miaka ya mwanzo; kuanzia modeli ya 1973 zilipandishwa juu, kando ya matundu ya hewa.

Usitegemee mwaka ulioandikwa kwenye logbuku, maana mara nyingine huo ni mwaka wa kusajiliwa. Soma nambari ya chasisi. Kwa T2 za miaka ya 1970, tarakimu mbili za mwanzo hueleza aina ya bodi: 21 ni gari la mizigo, 22 ni basi dogo, 23 ni Kombi kwa maana ya kiwanda. Tarakimu ya tatu ni mwisho wa mwaka wa modeli. Nambari inayoanza na 235 ni Kombi ya modeli ya 1975, hata kama ilitoka kiwandani Agosti 1974, kwa kuwa mwaka wa modeli ulianza mwezi huo. Nambari imegongwa kwenye chuma ndani ya chumba cha injini. Isugue taratibu kwa kitambaa, usiiguse kwa msasa: nambari yenye mikwaruzo humtia mnunuzi shaka, na ana haki.

Kambi ya kiwandani ina tofauti gani na iliyojengwa hapa?

Ya kiwandani ilitoka kwa wajenzi waliojulikana. Westfalia wa Ujerumani walianza kazi hiyo 1951. Dormobile wa Folkestone, Uingereza, walisifika kwa paa linalofunguka kwa upande. Kombi nyingi za Kenya hazina asili hiyo. Zilikuwa za kubeba watalii, zikakatwa paa ili wageni wasimame kutazama wanyama Maasai Mara na Amboseli, kisha miaka mingi baadaye mtu akaziwekea kitanda, sinki na kabati.

Sema ukweli wa asili ya gari lako. Kuiita Westfalia kwa sababu tu ina kitanda ni kudanganya, na mjuzi ataligundua hilo kabla hujamaliza kufungua mlango wa kuteleza. Hakuna haja ya kuona haya pia: kabati la mvule lililopimwa na seremala hodari wa Nairobi likakaa bila kulia kwenye barabara ya vumbi ni kazi ya kujivunia. Na gari lililowahi kubeba watalii lina historia ya nchi hii ndani yake. Ukiwa na picha za siku hizo, ziweke mbele.

Kufufua na kupaka rangi ni kitu kimoja?

Sivyo, na ugomvi mwingi wa wauzaji na wanunuzi huanzia hapa. Kufufua ni kuondoa kutu mpaka kwenye chuma kizima, kukata kilichooza, kuchomelea bati jipya, ndipo rangi ije. Kupaka rangi juu ya pati, ule udongo wa kuzibia mashimo ya bodi, ni kuahirisha. Mnunuzi anayejua atapitisha sumaku ndogo chini ya milango, kwenye matao ya magurudumu, chini ya betri, kwenye mifereji ya paa na chini ya kioo cha mbele. Pale sumaku isiposhika, pana pati.

Ikiwa baadhi ya sehemu zilichomelewa vizuri na nyingine zilizibwa tu, andika hivyo hivyo. "Sakafu na vizingiti vyote viwili vimechomelewa upya, tao la nyuma kushoto lina pati" ni sentensi inayouza gari kuliko "iko fiti kabisa".

Nimalizie kazi zilizobaki au niuze hivi hivi?

Malizia yale ya usalama: breki, usukani, tairi, mipira ya petroli. Ya urembo muachie mnunuzi. Ana ladha yake.

## Bei

Nitapangaje bei?

Anza na hali ya chuma, kisha uasili, kisha injini, kisha samani. Mpangilio huu una sababu. Injini ya 1600cc ya kupozwa kwa hewa hushushwa na mafundi wawili ndani ya asubuhi moja na spea zake bado zinapatikana, ilhali bodi iliyooza hula pesa bila kujaa.

Kusanya matangazo ya Kombi zinazofanana na yako kwenye tovuti za Jiji na PigiaMe na kwenye Facebook, ukikumbuka kwamba hizo ni bei zinazoombwa. Piga simu kwa wenye matangazo yaliyokwisha kuondolewa uwaulize waliuza kwa ngapi, wengi watakuambia. Kisha lifanyie gari tathmini rasmi, kwa mfano kwa AA Kenya, chama cha wenye magari, na umpelekee mtathmini faili lako lote la picha na risiti. Asipoona kazi iliyofanyika, atalikadiria kama gari kuukuu tu.

Jambo moja linakusaidia. Kanuni za KEBS, shirika la viwango la Kenya, haziruhusu kwa kawaida kuingiza nchini gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka minane. Kwa hiyo Kombi za kale zilizomo Kenya ndizo hizo hizo tulizo nazo, na kila inayoachwa ioze uani huipunguza hesabu.

Je, nitarudishiwa gharama zote nilizotumia?

Mara nyingi hapana. Mnunuzi hanunui saa zako za Jumamosi wala spea uliyoinunua mara mbili kwa kuwa ya kwanza ilikuwa bandia. Ananunua gari lililo mbele yake. Risiti zako zina kazi nyingine: zinathibitisha kilichofanyika, nani alifanya na lini. Zitumie hivyo, usizijumlishe ukampa jumla kama ankara.

Nimeona ng'ambo zinauzwa kwa mamilioni. Mbona yangu isiwe hivyo?

Mwaka 2011 Kombi ya 1963 yenye madirisha 23 iliuzwa kwenye mnada California kwa dola 217,800. Hiyo ni aina adimu, ya kizazi cha kwanza, iliyofufuliwa kwa kiwango cha maonyesho, na ilifika mbele ya watu wenye pesa walioketi chumba kimoja. T2 ya kawaida iliyo Kasarani haimo katika hadithi hiyo. Mnunuzi wa ng'ambo akikutafuta kwa dhati, soma swali la kusafirisha gari nje hapa chini.

Nijibu nini mtu akiuliza "bei ya mwisho" kabla ya kuliona gari?

Mjibu kwa upole kwamba bei huzungumzwa mbele ya gari. Anayelitaka atakuja. Ukishusha bei kwenye simu, atashusha tena akifika, na utakuwa umeanza mazungumzo ukiwa chini.

## Maandalizi na maonyesho

Picha gani zinahitajika?

Piga pande zote nne asubuhi au jioni, jua likiwa limelala. Kisha shuka chini: piga picha za sakafu kwa chini, vizingiti, sehemu ya kupachika jeki, chumba cha injini, nambari ya chasisi na kitanda kikiwa kimekunjuliwa. Paa likiwa la kuinuka, lipige likiwa juu, na uonyeshe turubai lake kwa karibu. Picha za wakati wa ukarabati, chuma kikiwa uchi, zina thamani kuliko zote. Kama hukuzipiga, muulize fundi wako; mara nyingi anazo kwenye simu.

Kwenye tangazo, ficha tarakimu chache za mwisho za chasisi. Mnunuzi wa kweli utamwonyesha ana kwa ana.

Mnunuzi mjuzi atakagua nini kwenye injini?

Atataka kuiwasha ikiwa baridi, kwa hiyo usiipashe moto kabla hajafika. Atashika puli ya krenki, lile gurudumu la mkanda, aivute na kuisukuma: ikicheza mbele na nyuma kwa kuonekana, ujue beringi kuu imechoka. Atapima mgandamizo wa silinda zote nne, akitafuta namba zinazokaribiana. Atatazama mabati yanayoizunguka injini na mpira unaoziba ukingoni. Vitu hivi huonekana vidogo, lakini injini ya hewa ikikosa mpira huo huvuta tena hewa ya moto iliyokwisha kuitoa, na huungua kabla ya wakati wake.

Atakagua pia mipira ya petroli, na wewe uikague kabla yake. Kombi nyingi duniani zimeteketea kwa sababu ya mpira mmoja uliopasuka juu ya injini yenye moto. Badilisha yote, weka vibano vipya, na uache kizima moto ndani ya gari. Hata kama hutaongeza shilingi kwenye bei, fanya. Kuna familia italala humo.

Ni njia ipi nzuri ya kulijaribu gari barabarani?

Panda Waiyaki Way kuelekea Limuru. Mlima ule husema yote kuhusu injini, klachi na gia ya tatu. Mwambie mnunuzi mapema kwamba injini ya 1600 ilitoka kiwandani na nguvu za farasi 50 hivi, na kwamba Nairobi, iliyo mita 1,700 hivi juu ya bahari, huinyima sehemu ya nguvu hizo kwa sababu hewa ni nyepesi. Kupanda kwa gia ya tatu si ugonjwa. Ugonjwa ni moshi wa buluu, gia inayoruka na breki inayovuta upande mmoja.

Kabla hajashika usukani, ona leseni yake na uhakikishe bima yako inamruhusu dereva mwingine. Panda naye. Usimpe mtu funguo akaenda peke yake, hata akikuachia gari lake.

Nikutane na wanunuzi wapi?

Mchana, mahali penye watu na walinzi: maegesho ya jengo la biashara, au gereji ya fundi anayelijua gari. Nyumbani ni kwa mnunuzi wa hatua ya pili, si wa kwanza.

Je, nilipeleke kwenye yadi au kwa broka?

Yadi za Ngong Road zimezoea magari ya juzi kutoka Japani. Kombi hukaa pale juani, betri ikifa na watoto wakichezea milango. Broka anayejua magari ya kale ni mtu wa maana, lakini mpe bei yako kwa maandishi pamoja na kamisheni yake, na usimpe logbuku halisi. Kwa maoni yangu, njia bora ni watu wenyewe: vilabu vya wenye Volkswagen, na mashindano ya Concours d'Elegance pale Ngong Racecourse, ambako wapenzi wa magari ya kale hukusanyika karibu kila mwaka.

## Karatasi

Uhamisho wa umiliki hufanywaje?

Kupitia akaunti ya NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Wewe unaanzisha uhamisho, mnunuzi anaukubali kwenye akaunti yake, na ada hufuata ukubwa wa injini. Nyote wawili mnahitaji kitambulisho na PIN ya KRA, mamlaka ya mapato. Andikeni pia mkataba wa mauzo mbele ya wakili, wenye nambari ya chasisi, nambari ya injini, bei, tarehe na hata saa ya kukabidhiana.

Usikubali ule mtindo wa "nipe tu logbuku, nitabadilisha baadaye". Kifungu cha 8 cha Sheria ya Trafiki, Sura 403, kinamhesabu aliyeandikwa kwenye usajili kuwa ndiye mwenye gari mpaka ithibitishwe vinginevyo, na kifungu cha 9 kinampa mwenye mpya siku 14 kusajiliwa. Kombi ikigonga mtu Narok wakati jina lako bado liko, polisi watabisha kwako.

Gari lina logbuku ya zamani ya karatasi. Itakubalika?

Fanya upekuzi wa gari kwenye mfumo wa NTSA kabla ya kutangaza. Kombi nyingi bado zina namba za mtindo wa kabla ya 1989, herufi tatu na tarakimu tatu, na kumbukumbu zake ziliandikwa kwa mkono enzi hizo. Jina likiwa na kosa la herufi au rangi isiyolingana, rekebisha sasa. Mnunuzi aliyeweka pesa tayari hangoji wiki nyingi bila kuingiwa na shaka.

Injini ilibadilishwa. Na rangi pia. Na ilikuwa basi dogo, sasa ni kambi.

Yote matatu ni mabadiliko ya taarifa za gari, na yote yanapaswa kuonekana kwenye usajili. Tarajia gari kukaguliwa kwenye kituo cha NTSA, kama kile cha Likoni Road, Industrial Area. Kwa injini, beba risiti ya ununuzi au uthibitisho wa ilikotoka. Nambari ya injini ya 1600 imegongwa kwenye kasha la injini, chini ya kiti cha dinamo, hakikisha inasomeka.

Aina ya bodi ndiyo inayosahaulika kuliko zote. Kampuni ya bima ikigundua kwamba "basi dogo" lililokatiwa bima lina jiko la gesi na vitanda, inaweza kukataa kulipa. Mnunuzi makini atauliza, na afadhali jibu liwe kwenye karatasi.

Logbuku ina jina la marehemu baba. Naweza kuuza?

Huwezi mpaka mirathi ifunguliwe. Chini ya Sheria ya Urithi, Sura 160, anayeuza ni msimamizi aliyeteuliwa na mahakama. Kukubaliana na ndugu zako hakutoshi, wala barua ya chifu peke yake haitoshi. Magari haya yana umri wa vizazi viwili, ndiyo maana jambo hili hujitokeza sana. Ukiwa umefufua gari la mzee kwa pesa zako, andikianeni na ndugu mapema kuhusu gharama hizo, kabla mnunuzi hajatokea na kiasi kinachobadilisha nyuso za watu.

Logbuku imepotea.

Ripoti polisi, chukua abstrakti (hati yao ya kuthibitisha ripoti), omba nakala mpya NTSA. Usitangaze gari kabla haijatoka.

## Pesa

Njia gani ya malipo ni salama?

Uhamisho wa benki wa RTGS, ukathibitishwa na benki yako mwenyewe. Hundi ya zaidi ya shilingi milioni moja haipiti kwenye mfumo wa benki nchini tangu 2009, kwa hiyo anayekuletea hundi ya aina hiyo ama hajui ama anakutega. M-Pesa ina kikomo cha shilingi 250,000 kwa muamala mmoja. Inafaa kwa arubuni tu. Usiamini ujumbe wa simu: fungua akaunti uone salio.

Kama hamfahamiani, wakili anaweza kushika pesa kwenye akaunti ya wateja wake mpaka uhamisho ukamilike. Ada yake ni ndogo ukilinganisha na usingizi wako.

Mnunuzi anataka kulipa kwa awamu.

Alipe kwa awamu gari likiwa kwako, ndani ya muda ulioandikwa. Akilichukua kabla ya kumaliza, unarudi kwenye hatari iliyoelezwa katika swali la uhamisho. Arubuni nayo iandikiwe hati: ni kiasi gani, inashikilia gari hadi lini, na inarudishwa au hairudishwi akighairi.

## Hali zisizo za kawaida

Mnunuzi ni wa Mombasa. Nimwambie nini?

Mwambie asiteremke nayo kabla fundi hajagusa kabureta. Injini iliyorekebishwa Nairobi mara nyingi imewekewa jeti ndogo, yaani vitundu vya kupitisha petroli, ili petroli ilingane na hewa nyepesi. Kule pwani hewa ni nzito. Jeti hizo hizo zitatoa petroli haba, na mchanganyiko wenye petroli haba huichoma injini. Hii si injini yenye maji ya kuiokoa. Mpe jeti za awali kama unazo.

La pili ni chumvi. Bodi iliyokaa salama Nairobi miaka yote itashambuliwa kule. Mshauri apulize nta ndani ya vizingiti na milango kabla ya msimu wa kwanza.

Mnunuzi yuko Ulaya au Marekani.

Inawezekana. Marekani hulegeza masharti yake ya usalama kwa gari lililofikisha miaka 25, na Uingereza hulisamehe ushuru wa barabara gari lenye zaidi ya miaka 40. Kwa upande wetu, usajili lazima ufutwe NTSA na kibali cha kusafirisha kipatikane kwa forodha ya KRA. T2 ina urefu wa mita 4.5 hivi, hivyo inaingia kwenye kontena la futi 20, paa likiwa limeshushwa. Toa petroli, tenganisha betri, ondoa mtungi wa gesi.

Pesa zote ziwe zimefika kabla gari halijaondoka Nairobi. Na jihadhari na "mnunuzi" asiyeuliza lolote kuhusu kutu, anayetaka kukutumia pesa za ziada ili umlipe wakala wa meli. Huyo ni tapeli.

Jiko la gesi niliuze na gari?

Liuze ikiwa bomba ni jipya, kabati la mtungi lina tundu la kutoa hewa sakafuni, na fundi wa gesi amelikagua. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutuama chini, pale pale watu wanapolala. Ukiwa na shaka, ng'oa jiko, uza gari bila hilo.

Nimkabidhi mnunuzi nini zaidi ya funguo?

Faili la ukarabati, spea zilizobaki, majina ya mafundi walioridhia kupigiwa simu, na saa moja ya muda wako. Mwonyeshe paa linavyoinuliwa bila kung'oa bawaba. Mfundishe kupima oili kila anapojaza petroli, maana injini ya 1600 hubeba lita 2.5 tu. Mwandikie kwamba valvu hurekebishwa kwa nafasi ya milimita 0.15, injini ikiwa baridi kabisa, hata kama fundi atasema hana muda wa kungoja ipoe.

Mnunuzi amerudi baada ya mwezi akidai nimemuuzia gari bovu.

Kama uliandika kasoro kwenye tangazo na kwenye mkataba, mwonyeshe kwa heshima. Kama ni kitu ambacho hata wewe hukukijua, msaidie kupata fundi au spea. Sheria huenda isikulazimishe, lakini wenye Kombi Nairobi wanajuana. Ukiwa na bima bado hai kwa jina lako, hiyo ndiyo siku ya kukumbuka kuiandikia kampuni yako kwamba gari limeuzwa, kama hukufanya hivyo siku ya makabidhiano.